Kwa nini mbayuwayu huiponyoka kamera?

Anayeanza kupiga picha za ndege humlaumu mbayuwayu kwa kasi yake. Kasi hiyo si ya kutisha: akiwinda wadudu, huruka karibu mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Matatu inayoshuka daraja la Nyali hapa Mombasa humwacha nyuma, na hakuna anayeshindwa kuipiga picha matatu. Kinachotushinda ni pembe.

Chukua lenzi ya milimita 400 kwenye kamera yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24. Lenzi hiyo huona upana wa digrii 5 tu. Mbayuwayu akikukatiza mbele kwa umbali wa mita 10, huzivuka digrii hizo kwa sehemu moja hivi ya kumi ya sekunde. Kidole chako nacho huhitaji takriban sehemu mbili za kumi, tangu jicho lione hadi kibonyeze. Ukisubiri umwone ndani ya fremu ndipo ubonyeze, utapiga anga tupu. Hata kamera ya picha 10 kwa sekunde itamnasa mara moja, tena pengine mkia peke yake. Akiwa mita 30, muda huo huwa mara tatu.

Basi anza mapema. Mshike kwa macho yote mawili akingali nukta, inua lenzi bila kumwachia, kisha mfuate kwa kugeuza kiuno, si mikono. Anapofika mita 15 hivi, lenzi iwe tayari inakwenda naye. Piga, na uendelee kugeuka hata baada ya picha ya mwisho.

Kwa spidi ya shata (pazia la kamera) ya 1/500 ya sekunde, ndege huyu husogea sentimita 2 shata ikiwa wazi, na yeye mwenyewe, mkia ukiwemo, ana sentimita 18 hivi. Kwa 1/3200 husogea milimita 3. Ukimfuata vizuri, mwili hutulia hata kwa 1/1000, ila ncha za mabawa hazitulii. Jua kali la asubuhi linatosha f/5.6 (uwazi wa lenzi), ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na 1/3200. Wingu likifunika, pandisha ISO hadi 1600 na shata usiiguse: chembechembe za ISO hupunguzika kwenye kompyuta, ukungu wa mwendo haupunguziki.

Fokasi ina ukatili wake. Kwa lenzi hiyo, f/5.6 na mita 10, kina kinachotoka wazi ni sentimita 20 tu. Weka fokasi ya kuendelea, ile inayomfuata ndege akisogea, na kabla ndege hajaja lenga kitu kilicho umbali unaomtarajia, mlingoti wa goli kwa mfano. Kama lenzi ina swichi ya kuzuia umbali wa karibu, iwashe. La sivyo ikimpoteza itahangaika kutoka karibu hadi mbali, na ndege mwenyewe ameshafika Kisauni, ng'ambo ya mji. Nyuma kukiwa anga, tumia kundi pana la nukta za fokasi. Nyuma kukiwa mikoko ya Tudor, lipunguze, kwani kamera huvutiwa na majani kuliko ndege.

Msaada mkubwa hapa Mombasa hauuzwi dukani: ni kaskazi. Mbayuwayu wahamiaji huwa kwetu kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, na kati ya Desemba na Machi upepo huvuma kutoka kaskazini mashariki. Ndege wa mita 10 kwa sekunde akiukabili upepo wa mita 5, juu ya ardhi husogea mita 5 tu. Akienda nao, 15. Upe upepo mgongo, na anayepambana nao atakujia usoni polepole. Asubuhi jua nalo liko mashariki, kwa hiyo mwanga na upepo vyote viko nyuma yako. Alasiri hesabu hii huvunjika: ukilipa jua mgongo, ndege wa polepole watakuonyesha mikia.

Wala usimfukuze. Huonekana hana mpango, lakini akipata wadudu juu ya nyasi zilizofyekwa au dimbwi, hurudia njia ile ile. Mtazame dakika 10 bila kamera uone anapokata kona: hapo mkia hufunguka kama mkasi, mwendo hupungua, na mgongo wote wa buluu huonekana. Piga hapo.

Kwa mazoezi kuna kunguru. Wamejaa mjini, ni wakubwa, na ule uoga wa kwenye methali wa kwetu hawana habari nao. Ukimpata kunguru mara nane kwa kumi, hamia kwa mbayuwayu.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa, la sivyo lenzi hushika umande. Na ukirudi kutoka Mama Ngina, kando ya bahari, puliza kioo kwanza, kisha kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi. Kitambaa kikavu huburuta chumvi na mchanga juu ya kioo.