Je, wajua? Kitunguu kinachoparamia hakina majani, sasa kinaishi vipi?

Juzi bibi wa nyumba ya pili kaja kurudisha sufuria, akapita uani kwetu, akasimama mbele ya chungu changu kimoja hataki kuondoka. Ndani ya chungu kuna kitunguu cha kijani, kinapata ngumi mbili za mtu mzima, kimekaa juu ya mchanga wazi wazi kama kimewekwa tu hapo kikasahauliwa, na kichwani kinatoka kitu kama uzi wa kijani umejisokota kwenye ufito mpaka unakaribia bati. "Mwanangu, hichi kitunguu mbona hukukifukia? Na majani yake yako wapi?" Nikamwambia bibi, hichi ukikifukia kinaoza, na majani hakina. Akaniangalia. "Mmea gani usokuwa na majani, sasa kinakula nini?"

Swali la bibi ndo swali lenyewe na mie nimelifikiria muda mrefu kuliko mimea yangu mengine yote, kwa hiyo leo nalijibu vizuri.

Kisayansi mmea huu unaitwa Bowiea volubilis, hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake kitu chenye kujizungusha. Wazulu wanauita igibisila. Sie huku Zanzibar hatuna jina lake, mie nakiita kitunguu kinachoparamia manake ndo kazi yake. Kwao hasa ni upande wa mashariki wa Afrika Kusini, Eastern Cape na KwaZulu-Natal na kuendelea kaskazini, kinaota baina ya mawe na chini ya vichaka. Na ujue ni kitunguu kwa umbo tu, si ndugu wa kitunguu maji wala wa thomu, huu ni ukoo wa asparaga, na hiyo tofauti ina maana kubwa nitakuja kuieleza huko mbele kwa sababu inahusu roho ya mtu.

Jina Bowiea limetoka kwa James Bowie, Muingereza aliyetumwa na Kew, ile bustani kubwa ya mimea kule London, kukusanya mimea, akafika Cape, Afrika Kusini, 1816. Jina lilichapishwa 1867, yeye bado yuhai, akafariki 1869. Ilikuwa miaka hiyo hiyo John Kirk ndo kwanza kaingia Unguja, akaja kuwa balozi mdogo wa Uingereza na akapanda bustani yake ya mimea kule Mbweni, na yeye pia alikuwa akituma mimea Kew. Mie hilo hunifurahisha.

Haya, turudi kwa bibi. Mmea unajipikia chakula kwa kutumia mwanga, na kinachofanya ile kazi ni ile rangi ya kijani, klorofili. Tumezoea kuiona kwenye majani kwa hiyo tunadhani lazima jani liwepo, kumbe chochote cha kijani kinaweza kupika. Kitunguu hichi kikiwa kichanga kinatoa jani moja mawili membamba, yanakaa muda mdogo, yanakauka, na kikishakua hakihangaiki tena na mambo ya majani. Kazi yote inafanywa na lile shina, ule uzi uzi aliouona bibi, pamoja na ngozi ya kitunguu chenyewe ambayo nayo ni ya kijani.

Na hapa ndo pananivutia zaidi. Lile shina lote, na vile vitawi vyake vyote vilivyotapakaa kama nywele, kwa asili ni bua la maua. Yaani fikiria bua la kitunguu maji, lile linalosimama na kichwa cha maua juu yake, sasa lichukue ulirefushe mita mbili tatu, ulifanye jembamba, ulipe matawi kila upande, na yale matawi ya chini uyanyime maua kabisa uyaambie nyinyi kazi yenu kupika chakula, na ya juu ndo yachanue. Ndo hivo. Maua yenyewe madogo, nyota za kijani zenye umanjano, ukipita haraka huyaoni.

Kwa nini kifanye hivo? Angalia kinapokaa. Kitunguu kiko chini kivulini, kichaka kimekifunika, mwanga uko juu. Kingetoa majani mapana pale chini yangekaa gizani. Kwa hiyo kinarusha uzi, ule uzi ncha yake inazunguka taratibu hewani mpaka iguse kitawi, ikigusa inajisokota, inapanda ndani kwa ndani ya kichaka cha mwenziwe mpaka inatoka juu kwenye jua. Si kama mpilipili manga au mvanila tunaoiona kwenye mashamba ya viungo Kizimbani, ile inashika mti kwa mizizi midogo midogo inayotoka kwenye shina. Hichi hakina mizizi ya kushikia, kinajisokota tu, kama kamba kwenye nguzo. Mie nilitia alama ya kalamu kwenye ufito jioni, asubuhi ncha ishaipita alama, vidole vitatu hivi. Tena hicho kipindi nilikuwa sijakimwagia hata tone, kitunguu kikavu juu ya mchanga mkavu na uzi unapanda, manake maji na chakula cha kuanzia vimo humo ndani, kwenye yale magamba manene.

Sasa kukipanda huku kwetu. Tabu yake ni moja kubwa nayo ni maji. Kule kwao mvua zinanyesha msimu wa joto, afu kunakuja baridi kavu miezi kadhaa na hapo kitunguu kinalala, shina linakauka lote, kinabaki kitunguu kitupu. Sie hatuna hiyo baridi kavu. Tuna masika Machi mpaka Mei inayopiga usiku na mchana, tuna vuli baadaye, na hata ikiwa hainyeshi hewa yenyewe imejaa unyevu, nguo ukianika ndani hazikauki. Cha kwanza changu nilikiacha nje masika, nikaona mvua ni neema kwa mmea. Baada ya wiki nikakibonyeza ubavuni kidole kikazama, nikakigeuza, kitako chote kimekuwa uji wa kahawia una harufu mbaya. Nilisikitika sana, kile kilikuwa na umri pengine mkubwa kuliko mwanangu.

Kwa hiyo cha sasa kinakaa chini ya bati, upenuni, mvua haikigusi kabisa, maji kinapata ya kwangu tu. Kikiwa na shina linalokua nakimwagia nikiona mchanga umekauka mpaka chini, natia kijiti cha mshikaki, kikitoka kikavu ndo namwaga, na namwagia mchanga pembeni, si juu ya kitunguu. Shina likianza kugeuka manjano ndo nasimamisha. Hapo watu wengi wanaharibu, wanaona mmea unakauka wanadhani una kiu wanazidisha maji, kumbe unalala, na kitunguu kilicholala kwenye mchanga mbichi kinaoza. Kiache. Na lile shina usilikate likiwa bado na kijani, acha likauke lenyewe mpaka likatike mkononi kama jani la mnazi kavu, manake muda ule chakula kinarudi ndani ya kitunguu. Kinaweza kulala miezi na wewe usifanye lolote. Usifate kalenda, angalia kichwani mwake, siku utaona ncha ya kijani inachungulia, hapo ndo unaanza tena maji kidogo kidogo.

Udongo uwe wa kupitisha maji haraka. Mie natumia mchanga wa kujengea ulooshwa, kokoto ndogo, na udongo mweusi kidogo tu. Mchanga wa pwani usichukue, una chumvi, na makumbi ya nazi pia kama ni yale yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kusuka kamba yaoshe kwa maji matamu mara nyingi au yaache kabisa. Chungu kiwe cha udongo kina tundu chini, kisiwe kikubwa sana, kipishane na kitunguu vidole viwili tu kila upande, manake chungu kikubwa kinabaki na unyevu siku nyingi. Kitunguu chenyewe kikalishe juu, kitako na mizizi ndo iguse mchanga, mwili wote nje. Zile ngozi kavu kama karatasi zinazokizunguka usizimenye ati kipendeze, zile ni nguo zake, zinakikinga na jua na zinazuia maji yasitoke. Jua kali la mchana la kaskazi usikipe, kitaungua ubavu, mwanga wa kivulini unatosha na shina utalipa ufito au uzi lipande kwenye mwanga.

Wadudu si wengi. Konokono wetu wale wakubwa wakati wa mvua nasikia wanapenda machipukizi ya mimea ya watu, mie chungu nimekiweka juu ya meza. Vile vidudu vyeupe kama pamba vikiingia baina ya magamba, kitambaa na maji ya sabuni, basi.

Kukizalisha kuna njia ya mbegu, zinatoka nyeusi zinang'aa, na kimoja peke yake kinaweza kujitia mbegu. Lakini njia ninayoipenda ni ya gamba. Unabandua gamba moja nene la nje, unaliacha kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, afu unalilaza juu ya mchanga wenye unyevu kidogo tu. Usilifukie. Kwa wiki nyingi halifanyi kitu, linasinyaa, utalikatia tamaa, mpaka siku unaliinua unakuta ukingoni vijipu vya kijani kama punje za choroko, kila kijipu ni kitunguu kizima kitakachokuwa na uzi wake. Ni magamba yaliyojaa chakula, ndo maana kipande kimoja kinaweza kulea watoto bila ya mama.

Sasa lile la roho ya mtu. Kitunguu hichi ni sumu. Si sumu ya kuumwa tumbo tu, ni sumu ya moyo. Ndani yake mna kemikali zinazoitwa bufadienolaidi, na jina hilo limetokana na bufo, yaani chura kwa Kilatini, manake zilijulikana kwenye sumu ya chura. Zinaingilia pampu inayoingiza na kutoa sodiamu na potasiamu kwenye seli za moyo, mapigo yanaharibika, na watu na mifugo wamekufa kwa kukila. Na kwa umbo ni kitunguu! Mtu akikikuta jikoni anachukua kisu. Kwa hiyo mie kwangu hakiingii ndani ya nyumba, watoto wameonyeshwa wamekatazwa, mbuzi hawafiki, na nikibandua magamba navaa glavu manake utomvu wake unawasha, afu naosha mikono.

Kule Afrika Kusini waganga wanakitumia miaka na miaka, kinauzwa kwenye masoko ya dawa Durban na Johannesburg, na kwa kuwa kinang'olewa kizima porini kimepungua mpaka kikaingia kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini nchini humo. Kwa hiyo ukitaka chako tafuta kilichooteshwa na mtu kwa mbegu au kwa gamba, usinunue kilichong'olewa porini, utakijua kina makovu na kila kimoja kina umbo lake. Na ukileta kutoka nje ya visiwa pita kwa watu wa karantini ya mimea bandarini au uwanja wa ndege, usikifiche kwenye nguo, tunaishi kwa karafuu na migomba hatutaki ugonjwa mgeni.

Bibi nilimueleza yote haya amekaa kwenye kigoda, la sumu nililirudia mara mbili. Akanyamaza, akaugusa ule uzi kwa ncha ya kidole, akasema "Kwa hiyo bua ndo limekuwa jani." Nikamwambia ee, ndo hivo hivo bibi. Akaniomba kimoja. Nina gamba lililotoa vijipu vinne mwezi uliopita, vikishapata ukubwa wa karanga nitamtilia kwenye kikopo, na ameshanambia atakapokitundika, juu ya dirisha la uani, wajukuu hawafiki.