Mnara wa Theth Haukuwa Gereza

Kila kiangazi, theluji inapoyeyuka kwenye barabara ya milimani itokayo Shkodër, picha za mnara wa mawe wa kijiji cha Theth, kaskazini mwa Albania, husambaa upya zikiwa na maelezo yale yale: hapa ndipo wauaji walipofungwa, na Kanun, sheria ya kimila ya milima hiyo, ndiyo iliyowaamuru wauane. Kwa sisi tunaosoma sheria za kimila, maelezo haya yamekwisha kuchosha.

Gereza gani hilo ambalo mtu huliingia kwa hiari yake ili asiuawe? Aliyejificha humo alikuwa akidaiwa damu, yaani akiwindwa kwa kisasi cha mauaji, na vile vidirisha vyembamba vilimkinga na risasi za wadai wakati wazee wakitafuta suluhu.

Hili la Kanun ndilo linaloudhi zaidi. Kisasi kilikuwapo, na Kanun ilikitilia hatamu. Muuaji alipaswa kumlaza chali aliyemuua, kumwekea silaha yake kichwani, kisha kupeleka habari ili ijulikane nani kaua. Jamaa wa marehemu wakimpa besa, yaani ahadi ya kutomdhuru, ya saa 24, alilazimika kuhudhuria mazishi na kula chakula cha matanga pamoja nao, bila kuguswa. Baadaye kijiji kiliweza kumwombea besa ya siku 30. Mwanamke hakudaiwa damu kabisa.

Vitabu huinukuu Kanun kana kwamba ilipitishwa bungeni, nami hapo huingiwa na shaka. Maandishi tunayoyategemea yalikusanywa na padri Mfransisko, Shtjefën Gjeçovi, aliyeuawa mwaka 1929, yakatoka kama kitabu mwaka 1933, ilhali mila yenyewe ilikuwa imeishi vinywani mwa watu kwa karne nyingi. Gjeçovi mwenyewe anaandika kwamba kwa desturi ya kale aliyedaiwa ni muuaji peke yake, na kwamba baadaye deni likaenea kwa wanaume wote wa nyumba yake, hata mtoto mchanga. Sasa ipi ndiyo Kanun? Sidhani kwamba wazee wa bonde la Shala, lilipo Theth, walifuata vifungu kwa unadhifu ule wa chapa.

Utawala wa kikomunisti ulivikandamiza visasi. Ulipoanguka mwaka 1991 vikarudi, na miongoni mwa waliouawa tangu hapo wamo wanawake. Wanaoua hivyo huitaja Kanun, ingawa katika maandishi ya Gjeçovi hawatapata kifungu cha kuwatetea.