Manjano kwa magoti yaliyovimba: maswali mnayoniuliza sana

Mama yangu magoti yanavimba, kila usiku anakunywa maziwa ya manjano, jirani kamwambia aache vidonge vya hospitali. Manjano ni dawa kweli?

Vidonge asiache kwanza. Kwenye manjano kuna kitu kinaitwa kukumini, ndo hicho kinachoganda vidoleni ukimenya, na maabara ukikiweka kwenye seli kinatuliza kweli zile kemikali za mwili zinazoleta uvimbe, hilo sibishi. Shida ni safari ya kutoka kikombeni hadi gotini. Kukumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, utumbo unafyonza kiduchu, na hicho kiduchu ini linakibadilisha fasta. Afu piga hesabu, unga wa manjano una kukumini kama asilimia 3 tu, kijiko cha chai ni gramu 3 hivi, kwa hiyo mama anapata miligramu 90, wakati tafiti nyingi za magoti wanatumia kama 1000 kwa siku. Ni vijiko 11 hivyo! Hayo sio maziwa tena, ni mchuzi.

Si wanasema uchanganye na pilipili manga?

Imetoka India hiyo, 1998, watu walipewa gramu 2 za kukumini na piperini kidogo, ile inayofanya pilipili manga iwashe, na kukumini kwenye damu ikapanda mara 20. Ila mara 20 ya karibu sifuri bado ni kidogo. Na piperini inafanya hivyo kwa kulizuia ini lisivunje vitu, sasa ini halichagui, dawa zingine za mama nazo zinaweza kujaa kwenye damu. Pilipili ya pilau haina neno, nasema vile vidonge vya kopo, vya manjano iliyochanganywa na piperini. Huko Marekani na Italia wapo watu wameumia ini kwa vidonge vya manjano.

Mbona aspirini nayo ilitoka kwenye mti?

Ilitoka kwenye wilo, mti wa kandokando ya mito huko Ulaya, na padri mmoja Mwingereza, Edward Stone, aliandika 1763 kwamba unga wa gome lake unashusha homa. Lakini ona walivyohangaika nao: 1828 wakatoa ndani ya gome kitu kinaitwa salisini, baadaye wakapata asidi ya salisiliki ambayo ilifanya kazi ila inachoma tumbo balaa, ndo 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani, akaigeuza kidogo ikawa aspirini. Yaani ile iliyoko kwenye kidonge haimo kwenye gome. Na jinsi inavyofanya kazi ilijulikana 1971, mwanasayansi John Vane alipoonyesha inazuia mwili usitengeneze prostaglandini, zile zinazoleta uvimbe na maumivu. Hizohizo zinalinda ukuta wa tumbo, ndo maana aspirini inaleta vidonda.

Kukumini nayo wanaigeuzageuza hivyohivyo, wengine wanaifunga kwenye mafuta ipite utumbo.

Kwa hiyo mama aendelee na maziwa yake?

Aendelee, ni matamu. Ila kama anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, vidonge vya manjano asiguse mpaka daktari wake ajue. Na siku ya kliniki abebe kila kopo analokunywa, hata lile la jirani.