Mgodi, ningu na korongo taji: dhana potofu kuhusu tathmini ya athari

Mradi wa dhahabu unapotambulishwa katika mkutano wa kijiji huku Geita, Sengerema au Misungwi, hoja za fidia na ajira hujadiliwa kwa kirefu, lakini hoja ya wanyama katika tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi wa madhara ambayo mradi unaweza kuleta, huzimwa upesi kwa maneno yale yale.

"Wanyama wanaotoweka wako Serengeti na Rubondo, si hapa kwetu."

Mnyama hahesabiwi kuwa hatarini kwa sababu anaishi hifadhini. Ningu na ngege, samaki ambao wazee wa mialoni wanawakumbuka vizuri, wamo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka. Korongo taji, anayejenga kiota kwenye vinamasi na kutafuta chakula mashambani, yumo katika daraja la walio hatarini tangu mwaka 2012.

"Wataalamu walizunguka eneo lote na hawakuona kitu."

Swali la kwanza liwe walikuja mwezi gani, kwa maana hapa tathmini inaweza kupotoka bila mtu yeyote kudanganya. Ningu huishi ziwani, lakini mvua zinapokolea na mito kujaa, hupanda mito hiyo kwenda kutaga mayai, wakati mwingine kwenye maji yaliyotapakaa kandokando ya kingo. Mtaalamu anayefika Agosti kwenye kijito cha msimu atakuta mchanga mkavu na vidimbwi vya kunyweshea ng'ombe, ataandika kwa ukweli kabisa kwamba hakuona samaki, kisha bonde hilo hilo litapangiwa bwawa la mabaki ya mgodi. Ndiyo maana uchunguzi wa hali ya awali unapaswa kufanyika masika na kiangazi, na mvuvi anayetega mdomoni mwa mto ahojiwe kama shahidi, si kama mtu wa kujaza orodha ya mahudhurio.

"Athari zinaishia kwenye uzio wa mgodi."

Maji hayajui uzio. Mwaka 2009 maji machafu ya mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara, nao Mara huingia Ziwa Victoria. Wachimbaji wadogo nao wana sehemu yao: zebaki inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, husombwa na mvua hadi kinamasini, ambako vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi, inayoongezeka kutoka mdudu hadi samaki, na kutoka samaki hadi ndege anayemla. Kwa hiyo tathmini ya mradi mmoja inayopuuza maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) na makarasha (mashine za kusaga mawe) ya jirani huwa haijapima mzigo ambao kijito kinaubeba tayari. Barabara mpya, wageni na mahitaji ya mkaa pia ni athari za mradi.

"Mgodi utapanda miti baadaye."

Kupanda miti ni jambo jema, lakini hakurudishi mazalia ya samaki. Utaratibu unaokubalika huanza na kuepuka eneo nyeti, kisha kupunguza madhara, kisha kukarabati. Kufidia huja mwisho kabisa.

"Tathmini ni karatasi ya kukamilisha kibali."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharamiwa, na inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Maoni yanayotaja mto kwa jina, mwezi samaki wanapopanda na kinamasi ambacho korongo hutagia ni vigumu kuyapuuza kuliko malalamiko ya jumla.