Dhahabu iliyomo ndani ya fedha: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Yeyusha tu, dhahabu itazama chini." Hoja hiyo ya kutenganisha dhahabu na fedha inavutia: dhahabu ni nzito zaidi, tena fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi wakati dhahabu inangoja hadi 1,064. Lakini metali hizi mbili huchanganyika kabisa kwa kiwango chochote, na zikiganda zinabaki vilevile. Ulichotia motoni ndicho utakachomimina.

Wengine hutegemea metali ya risasi. Ni njia ya kale na ni ya kweli: fedha chafu, yaani yenye shaba na dhahabu ndani, huyeyushwa pamoja na risasi kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, risasi inaungua, inachukua shaba, na kikombe kinavinyonya vyote viwili. Kinabaki kitonge kinachong'aa, na dhahabu iko humo humo. Risasi haiigusi.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba tindikali hula uchafu na kuacha fedha safi. Ni kinyume chake. Asidi ya nitriki huila fedha yenyewe pamoja na shaba, ikaacha dhahabu chini kama unga wa kahawia au mweusi, usio na mvuto wowote. Ni rahisi kuumwaga ukidhani ni takataka. Fedha hurudishwa baadaye: ukitumbukiza kipande cha shaba, fuwele za kijivu za fedha zinaanguka na maji yanageuka buluu. Ukitia chumvi, unapata kitu cheupe kama maziwa ya mgando, lakini hiyo ni kloridi ya fedha, bado haijawa metali. Na kama dhahabu imezidi takriban theluthi, tindikali hukwama, kwa hiyo mpimaji wa metali huongeza fedha hadi dhahabu ibaki robo. Ndiyo, anachafua kwanza ili asafishe.

Viwandani kazi hiyo hufanywa kwa umeme. Fedha chafu hufungwa kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya mmumunyo wa nitrati ya fedha. Fedha inahamia upande wa pili na kuota fuwele, dhahabu inabaki mfukoni kama tope jeusi. Usafi hufika asilimia 99.9 na zaidi.

Halafu kuna tamaa ya kutafuta dhahabu kwenye vikuku vya fedha vya bibi. Kwa vikuku kama hivyo masonara wa Omani waliyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za Austria zenye mwaka 1780, ambazo pwani yetu pia ilizitumia kwa biashara. Reale moja ina gramu 28, na fedha ni sehemu 833 kwa 1,000. Zilizobaki kimsingi ni shaba. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilifaidika kutoa dhahabu hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa elfu, kwa kuwa vilishughulikia fedha nyingi mno. Kikuku kimoja hakitalipa hata gharama ya tindikali. Kubadilika rangi kuwa cheusi nako si ushahidi wa dhahabu wala wa ughushi. Ni salfa ya hewani imeshika fedha.

La mwisho ndilo la hatari: "Fanyia uani, moshi utapeperuka." Ule moshi wa kahawia unaotoka asidi ya nitriki inapoila metali ni dioksidi ya nitrojeni. Aliyeuvuta anaweza kukohoa kidogo, akajiona mzima, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji.