Upatanisho kabla ya matoleo

Katika kufundisha liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, waamini huniuliza mara kwa mara: ikiwa Mungu amekwisha kunisamehe katika kitubio, kwa nini bado nimwendee niliyemkosea? Jibu langu huanzia Mathayo 5:23-24, ambapo Yesu anamwagiza anayeleta sadaka, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache mbele ya madhabahu, aende apatane naye kwanza, kisha arudi aitoe. Wengi hudhani anayeambiwa hapa ni mwenye kinyongo, kumbe ni yule aliyelalamikiwa, hata kama yeye mwenyewe hana chuki na mtu. Tena Yesu aliyasema hayo Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kwa msikilizaji wa siku ile, kurudi nyumbani kumtafuta ndugu ilikuwa gharama kubwa mno.

Hatuununui msamaha wa Mungu kwa kupatana na watu. Paulo anafundisha katika 2 Wakorintho 5:18 kwamba Mungu ndiye aliyetangulia kutupatanisha naye kwa Kristo, ndipo akatupa huduma ya upatanisho, kwa hiyo aliyeipokea neema hiyo hawezi kukaa nayo peke yake.

Wakristo wa mwanzo walilishika agizo hilo la Yesu. Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, akiandika Roma kunako mwaka 155, anaeleza kwamba waamini walisalimiana kwa busu baada ya sala za pamoja, kabla ya mkate na divai kuletwa. Katika Misa ya Kirumi tuliyoizoea tunatakiana amani baada ya Baba Yetu, karibu na Komunyo; lakini Misale (kitabu cha Misa) ya majimbo ya Zaire, jina la zamani la Kongo, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 na inayotumika Kongo hadi leo, imeweka toba na amani baada ya mahubiri na Nasadiki (kanuni ya imani), kabla ya vipaji, yaani mkate na divai, kupelekwa altareni. Naupenda sana mpangilio huo, kwa kuwa unamfikisha mwamini kwa mwenzake kabla hajatoa chochote.

Hata hivyo, kushikana mikono kanisani hakulipi deni. Zakayo, mtoza ushuru, katika Luka 19:8, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Vivyo hivyo, akija kuungama mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani, padre hana budi kumwambia aurudishe ulipokuwa, na kama amekwisha kuvuna humo, amlipe mwenye shamba mavuno yake.