Maumivu ya mapaja baada ya mazoezi si asidi iliyoganda

Kwenye magrupu ya Mombasa kuna ujumbe usiokwisha: eti miguu ikiuma baada ya mazoezi ni asidi iliyoganda, unywe maji ya ndimu na ukandwe kwa nguvu mpaka itoke. Si kweli. Asidi ya laktiki huongezeka msuli unapofanya kazi ngumu, lakini mwili huiondoa ndani ya saa moja hivi. Maumivu haya huja baadaye, na huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Chanzo ni nyuzi za msuli kuumia kidogo, hasa msuli unaporefuka huku umebeba uzito. Jaribu kwenye ngazi: weka kiganja juu ya paja, shuka kidato kimoja polepole. Goti linakunjika, msuli wa mbele unarefuka, na bado umekaza; ndio unaokuzuia usianguke. Kupanda ghorofa hukata pumzi, ila kushuka ndiko huacha mapaja yakiuma kesho yake. Watu huchanganya kwa kuwa ule moto unaousikia msulini wakati wa mazoezi na maumivu ya kesho hushika mahali pamoja.

Tembea taratibu, yataisha yenyewe. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au mguu mmoja ukivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo: mguu uliovimba kwa damu iliyoganda haufai kukandwa kabisa.